Diski ya Wodi ya Njiti

6 Machi 1995

Wifi yangu Pua,

Salamu kwako na kwa Mama. Mwambie dawa za presha hazinywewi kwa kupenda, zinanywewa kwa saa. Huku hatujambo.

Ndani ya bahasha hii kuna diski. Nimeibana katikati ya vipande viwili vya boksi la glavu ili posta wasiipinde. Ni ile programu ya mdogo wako, fundi wetu wa mitambo hapa hospitalini, ya kukokotoa dripu. Unajua alivyoitengeneza mwenyewe baada ya kazi, na unajua anavyotembea kifua mbele tangu daktari aiweke wodini. Unaandika uzito wa mtoto, unaandika aina ya maji, kompyuta inakupa matone kwa dakika. Watoto wetu hawa njiti, waliozaliwa kabla ya wakati, wengine hawafikii hata uzito wa mfuko wa sukari. Kosa dogo kwao linakuwa kubwa.

Juma lililopita nilikuwa nimekaa kando ya kitanda cha dirishani. Hapo amelala mtoto aliye mdogo kuliko wote. Kompyuta ikatoa namba, mimi kichwani nikapata karibu nusu yake. Nikaandika hesabu kwenye kiganja kwa kalamu. Nusu. Nikaizima mashine, nikaiwasha, ikatoa namba sahihi, imetulia kabisa, kama mtu aliyefumaniwa jikoni akajifanya anatafuta kijiko. Tangu hapo imerudia kosa hilo tena na tena.

Nilimwambia mume wangu. Akasema, "Umebonyeza vibaya."

Nikasema, "Kila mara?"

Akasema, "Umechoka." Akavuta sahani yake. Nyumbani hayo mazungumzo yameishia hapo.

Daktari naye simlaumu. Mwaka jana mwenzetu mmoja alikosea nukta katika hesabu ya mkono, tukampoteza mtoto. Daktari akaapa kwamba hesabu ya mkono haitaingia tena wodini kwake. Sasa nikienda kumwambia kompyuta inadanganya, ataniuliza ushahidi uko wapi.

Wewe kazi yako ni kukagua diski kabla hazijapelekwa mahospitalini, na wenzako wamekuita Pua kwa sababu unanusa virusi vya kompyuta mbali. Hebu inuse na hii. Ina kirusi? Au imeharibika? Au kweli ni mimi? Na tafadhali, mdogo wako asijue kwamba nimekuandikia. Kile kiburi ni chembamba, nakijua mimi ninayelala nacho.

Umeuliza habari za tumbo. Mimi sijambo, usiwe na wasiwasi juu yangu.

Wifi yako,
Nesi


13 Machi 1995

Wifi Nesi,

Diski imefika, haikupinda. Boksi la glavu nimelihifadhi, limepata kazi ya kuzuia dirisha.

Nimeipitisha kwenye programu ya kusaka virusi. Imesema: safi. Usifurahi bado, mimi sijafurahi.

Iko hivi. Mdogo wangu ameibana programu yake. Kuna namna ya kuibana ikawa ndogo ili itoshe kwenye diski moja, halafu ukiiwasha inajifungua yenyewe ndani ya mashine. Kwa hiyo nilichonacho mimi mkononi ni godoro lililokunjwa na kufungwa kamba. Msaka virusi wangu amepapasa kitambaa cha nje, akasema safi. Kunguni wakiwa ndani hawezi kuwaona. Lazima godoro lifunguliwe.

Nikajaribu kulifungua. Diski yenyewe ina mkwaruzo. Inasoma, inasoma, ikifika karibu na mwisho inaanza kukereza kama jino bovu, kisha inakata. Nimeisafisha, nimebadilisha mashine, nimembembeleza hata bosi wangu aijaribu kwa ile mashine yake mpya asiyotaka iguswe. Inakata palepale. Kwa hiyo najua diski imeharibika, lakini sijui kama kuharibika huko ndiko kunakowaletea uongo, au ni safari ya posta, au kuna kitu kingine mle ndani ambacho sijakifikia. Kazi yangu hainiruhusu kusema "nadhani". Naomba nakala nyingine.

Ingekuwa rahisi nimwombe mdogo wangu, Fundi mwenyewe. Niruhusu nimwandikie. Nitamwambia ni ukaguzi wa kawaida wa ofisi.

Kwa sasa piga hesabu kwa mkono kwanza, ndipo uangalie kioo cha kompyuta. Zisipolingana, amini mkono.

Na sasa nageuka kuwa wifi. Kukaa kando ya vitanda na tumbo la miezi saba, nani amekutuma? Mwambie matroni akupe kazi ya kukaa. Mama anafuma soksi, kila jioni anazipima kwenye kidole gumba chake. Anauliza mbona huandiki unavyojisikia. Unaandika "sijambo" kama mtu anayejibu hodi.

Wifi yako,
Pua


18 Machi 1995

Wifi,

Usimwandikie. Nakuomba kwa mara ya pili na sitaki kuomba ya tatu. Ana mambo mengi kichwani sasa hivi, mengine siwezi kuyaandika.

Nakala nyingine hii hapa. Nimeichukua kwenye droo yake ya bisibisi alipokwenda kutengeneza jenereta. Mahali pake nimeweka diski tupu, nimeiandika lebo kwa mwandiko wake. Ndiyo, mimi, niliyelelewa vizuri.

Nafanya ulivyosema, mkono kwanza. Juzi daktari alinikuta na kalamu na kiganja. Hakufoka. Alisema, "Sista, huna zamu. Nenda ukapumzike. Kompyuta haichoki."

Nikamjibu, "Mimi nachoka, daktari, lakini nikichoka najijua."

Akanitazama kwa huruma. Afadhali angefoka.

Kinachonisumbua si zile saa nilizopo, ni zile nisizokuwepo. Nikiwa nje kuchukua maji tu nasikia kama kuna mtu anaandika namba mle ndani. Nesi wa zamu ni binti mzuri, makini, ila anafuata alichoagizwa: kioo kikisema, anafungua dripu kwa kadiri hiyo. Nikimwambia alinganishe na mkono wangu anasema, "Dada, nitafukuzwa." Na watoto wakubwa kidogo, wao namba zao ziko sawa siku zote. Nimechunguza. Ni wale wadogo sana tu, na pale wodini kwa sasa mdogo sana ni mmoja.

Uliuliza nani amenituma kukaa pale. Niulize lolote wifi, hilo usiniulize. Ifungue tu hiyo programu.

Mwambie Mama soksi afume ndogo kuliko kidole gumba.

Wifi yako,
Nesi


23 Machi 1995

Wifi yangu mpenzi,

Nakuandikia haraka kabla ya gari la posta, na safari hii ni habari njema. Jumatatu mdogo wako aliingia wodini mwenyewe, hakuna aliyemwita. Matroni alikuwa amemlalamikia kwamba kompyuta inachelewa kuwaka. Akaifuta programu ya zamani yote, akaweka mpya kutoka kwenye diski mpya kabisa aliyoitoa kwenye mashine yake siku ileile. Mimi nilikaa kimya kama siko.

Tangu hapo nimelinganisha kila mara. Inalingana! Nimeijaribu asubuhi na mchana kwa uzito wa kila mtoto, kila mara ikiwa imetoka kuwashwa upya, maana mvua hizi zinakata umeme kila siku. Nadhani ulisema kweli, ile ya kwanza ilikuwa imeharibika, na huku tulikuwa nayo hiyohiyo mbovu. Nakala mpya imemaliza ubishi bila mtu kushindwa. Yeye hajui kwamba nilijua, mimi sitamwambia, wewe utanyamaza, na maisha yaendelee.

Leo nakwenda kulala nyumbani, kitandani kwangu, mchana kweupe. Sijui mara ya mwisho ilikuwa lini. Hata mgongo umesahau umbo la godoro.

Achana na ile diski ya pili. Samahani kwa kukuhangaisha.

Wifi yako,
Nesi


SIMU YA MAANDISHI
27 Machi 1995
KWA: FUNDI WA MITAMBO, HOSPITALI
ZIMA KOMPYUTA YA NJITI SASA HIVI. PROGRAMU YAKO INA KIRUSI. NAKALA ZOTE HATA MPYA. HESABU KWA MKONO. KAGUA DRIPU YA MTOTO MDOGO KULIKO WOTE. DADA


27 Machi 1995

Wifi Nesi,

Nimevunja ahadi. Nakwambia mwanzoni ili usome mengine ukiwa umeshakasirika.

Diski yako ya pili ilikuwa nzima. Leo asubuhi nimeifungua. Tuna mashine moja pembeni isiyounganishwa na kitu chochote, tunaiita Karantini, na ndiko nilikoikunjulia programu. Ilipomaliza kujifungua nikampitisha tena msaka virusi juu ya kile kilichokuwa ndani. Alipiga kelele hata bosi akatoka ofisini kwake na kikombe mkononi.

Kirusi kiko ndani, wifi. Hakikuja njiani, hakikuja na mkwaruzo. Kiliingia kabla programu haijabanwa, ndiyo maana kwa nje ilionekana safi. Maana yake kimetoka kwenye mashine ya mdogo wangu mwenyewe. Kila nakala atakayoitoa humo itakuwa nacho, hata iwe mpya namna gani, hata aitoe leo.

Na sasa najua kwa nini kompyuta inadanganya halafu inatulia. Niliiwasha, nikaipa uzito wa kila aina, ikajibu sawasawa. Nikaiacha ikiwaka, nikaenda kula, nikarudi. Watoto wakubwa: sawa. Walio chini ya kilo moja: uongo. Kirusi kinalala kwanza. Kikiamka kinajiandika juu ya sehemu ya mwisho ya programu, na huko mwisho ndiko mdogo wangu alikoweka namba za watoto wadogo kabisa. Ukizima mashine na kuiwasha, programu inajifungua upya ikiwa nzima, nacho kinalala tena. Hukubonyeza vibaya hata mara moja.

Nimepiga simu hospitalini kwenu tangu hapo. Inaita kama nyumba iliyohamwa. Opereta anasema nguzo za simu za kwenda hospitalini zimeanguka kwa mvua. Nikakimbilia posta kupeleka simu ya maandishi, na kwenye fomu nikasimama na kalamu. Nikiiandika kwa jina lako itakaa kwenye sanduku la manesi. Fundi kila mlinzi anamjua. Nimeandika Fundi. Atajua kwamba wewe ndiye uliyeniletea. Nisamehe, au usinisamehe, lakini zimeni.

Hospitali nyingine alizozigawia programu tumeshazitafuta. Ni ninyi tu ambao hamjapatikana.

Niandikie neno moja.

Pua


30 Machi 1995

Wifi,

Barua yako ya tarehe 23 imenifikia leo. Ile ya habari njema. Nimeisomea palepale mlangoni pa posta, watu wananipita.

Umelinganisha asubuhi na mchana, ikalingana, kwa sababu mashine ilikuwa imetoka kuzimwa na kuwashwa. Halafu ukaenda kulala. Halafu nani alilinganisha?

Simu bado haiendi. Posta wanasema ujumbe wangu ulifika mji wenu siku ileile, kama ulitoka mezani kwao ukapelekwa hospitalini hawajui, aliyekuwa zamu hayupo. Nimemwambia karani, "Kuna mtoto." Akaniambia, "Mama, kila mtu ana mtoto."

Nyumbani Mama ameniuliza mbona nimetia chumvi kwenye chai. Nimesema ni kazi. Ameinywa.

Yule mtoto wa dirishani simjui, sijui ni wa nani, wala kama ana jina. Kazini nafungua diski za watu, nafunga, narudi nyumbani. Huyu amekaa kichwani hatoki. Niambie anaendeleaje, hata kama ni vibaya.

Pua


31 Machi 1995

Dada,

Shikamoo.

Simu yako nilipewa getini na mlinzi tarehe 27, alasiri. Nilikuwa nimebeba betri ya jenereta. Niliisoma mara ya kwanza sikuelewa. Ya pili nikaelewa, nikakasirika. Kirusi hata sikukifikiria. Nilikasirika kwamba mke wangu amekuandikia wewe, kwamba mmekaa mnaichambua kazi yangu nyuma ya mgongo wangu. Nilisimama pale na betri yangu nikitunga maneno ya kumwambia. Sijui nilisimama kwa muda gani. Sikupaswa kusimama hata kidogo.

Kisha macho yakarudi kwenye mstari wa mtoto mdogo kuliko wote, nikaiacha betri chini.

Wodini nesi wa zamu alinipokea mlangoni. Akasema, "Fundi, afadhali umekuja. Mwanao amevimba macho tangu mchana. Daktari ameitwa."

Dada, hapa ndipo inabidi nikuambie. Mtoto wa kitanda cha dirishani ni wetu. Msichana. Mke wangu alijifungua tarehe 26 Februari, kabla sana ya wakati. Tulikubaliana tusiwaambie mpaka avuke, kwa sababu ya presha ya Mama. Mimi ndiye niliyesema tusiandike. Mke wangu alikuwa pale wodini kama mama wa mtoto, hakuwa kazini.

Nilikwenda kwenye dripu nikaifunga kwa mkono wangu. Nesi wa zamu akapiga kelele, "Fundi, hiyo si jenereta!" Nikampa karatasi yako. Daktari akaingia, akaisoma, akatazama kioo cha kompyuta, akaomba uzito. Akapiga hesabu nyuma ya karatasi ya simu yako. Alipomaliza akasema, "Mara mbili." Akazima ile mashine kwa kuchomoa waya ukutani, akaita oksijeni na sindano ya kutoa maji mwilini.

Mtoto alikuwa anapumua kwa mbavu. Unaziona zote, unaweza kuzihesabu. Ngozi inang'aa. Nimetengeneza mashine ya oksijeni pale wodini labda mara kumi, na sijawahi kujua ilikuwa ya kazi gani.

Mke wangu alifika wakati huo kutoka nyumbani. Alikuwa na alama ya mto shavuni. Alimtazama mtoto, akanitazama mimi, akaiona karatasi mkononi mwa daktari, akaijua ni yako. Akapita kando yangu akakaa. Mpaka leo ninapoandika hajanisemesha.

Nimeikagua mashine yangu. Kirusi kilikuja na mchezo wa karata niliopewa na fundi mwenzangu. Nilikuwa naucheza nikichoka kuandika programu.

Mtoto bado yuko kwenye oksijeni. Daktari anasema tungoje. Mama asiambiwe.

Sijui kama nimeandika kukushukuru au kukulaumu. Umenivunjia nyumba au umeniokolea mtoto, na huenda ni yote mawili. Nikijua nitakuandikia.

Mdogo wako,
Fundi


10 Aprili 1995

Wifi,

Barua zako zote mbili nimezipata kwa pamoja, zimefungwa kwa kamba moja na ya kaka yangu anayetaka kuuza baiskeli. Nilianza na ya baiskeli.

Mtoto yuko hai. Nimeweka hilo kwanza, kama ulivyoweka la ahadi. Uvimbe umekwisha. Oksijeni wameondoa Jumanne. Wamemtoa mpira wa puani wa kumlishia, na tangu Alhamisi ananyonya mwenyewe, kidogo, anasahau, namgusa shavu anakumbuka.

Kama yale maji yameacha kitu kichwani, daktari anasema tutajua akikua. Nimemuuliza kwa namna nyingi nikitarajia atateleza aseme hapana. Hatelezi. Nimeacha kumuuliza.

Una haki ya kunikasirikia kwa kukuficha. Presha ya Mama ilikuwa sababu ya mdogo wako. Mimi nilikuwa na nyingine. Nilitaka uikague ile diski kama diski ya mtu baki. Ungejua ni mwanenu ungekimbia, na ungetaka sana iwe safi. Ile ya kwanza iliposema "safi" ungefunga bahasha ukanitumia pongezi. Nilifikiri: akiwa hajui, hatafurahi mapema. Na hukufurahi. Niliposoma "Usifurahi bado" nilikaa na barua kifuani kama dawa.

Ila mimi mwenyewe nikafurahi mapema. Nimekaa kwenye kiti kile nikilinganisha kila tone, nikaondoka mara moja, nikalala. Nikarudi jioni, siku iliyofuata nikaondoka tena, maana nilishaona kulala kunawezekana. Mwisho nikawa nakwenda kila mchana. Usiniandikie kwamba si kosa langu. Wameshaniambia wote. Nikisikia tena nitapiga mtu.

Nilikukasirikia pia, kwa kumwandikia yeye. Siku mbili nzima. Kisha nikajiuliza ingekuwaje kama simu ingekuja kwa jina langu: ingewekwa kwenye sanduku la manesi, na mimi nilikuwa nimelala. Nikaacha.

Daktari ameweka meza ndogo pale mlangoni. Kila dripu sasa inapigwa hesabu na watu wawili, kila mmoja na karatasi yake, bila kuoneshana, kisha zinalinganishwa mbele ya mama wa mtoto. Alinijia akasema, "Sista, ungenilazimisha nisikilize." Nikasema, "Kwa kipi, daktari? Kiganja?" Sikumkandamiza zaidi. Analala ofisini siku hizi, na yule mtoto wa mwaka jana bado anambeba.

Na nyumbani. Kwa muda mrefu tuliishi kama wapangaji. Yeye aliifuta mashine yake yote, hata kazi zisizohusika, hata barua. Nilimkuta amekaa mbele ya kioo cheupe. Jumamosi aliniletea chupa wodini, akasimama nyuma ya kiti, akasema, "Chai?" Nikasema, "Weka hapo." Ndiyo mazungumzo yetu hayo. Jana yamekuwa marefu zaidi. Alisema, "Ulijuaje?" nikasema, "Nilihesabu." Akauliza, "Kwa nini hukunipigia kelele?" Nikasema, "Nilikupigia. Ulivuta sahani." Akalia, wifi. Mtu mzima, na bisibisi mfukoni. Sikumbembeleza, lakini sikuondoka.

Habari ya Mama nakuachia wewe. Unayeishi naye ndiye unayejua atabeba kiasi gani.

Wifi yako,
Nesi


17 Aprili 1995

Wifi yangu, na wewe mdogo wangu, maana najua mtaisoma pamoja,

Ninyi wawili nitawagombeza nikifika. Maneno nimeshayaandaa, mengine ninayafanyia mazoezi kazini, bosi anadhani naongea na mashine.

Nilipojua ni mwanetu nilitoka nje ya ofisi nikakaa kwenye ngazi. Nilikuwa na mtoto wa ndugu yangu mezani majuma mawili, nikila chakula changu cha mchana huku kirusi kinaamka. Mfanyakazi mwenzangu akaniletea maji, akauliza, "Umefiwa?" Nikasema, "Hapana, nimezaliwa mtoto." Akaniangalia, akaondoka na glasi.

Kumwambia Mama nilikuahirisha. Nilipima presha yake asubuhi, nikasema jioni. Jioni nikasema asubuhi. Mwisho nilimkuta anashona kifungo cha gauni langu, nikakaa mkekani mbele yake, nikaanza mbali kabisa, kwamba siku hizi hospitali zina kompyuta, kwamba programu huwa zinabanwa. Akasema, "Mwanangu, nani amekufa?"

Nikasema, "Hakuna aliyekufa, Mama."

"Basi nani amezaliwa?"

Nikamwambia yote. Kabla ya wakati, dripu, kuvimba, oksijeni, kwamba mliogopa kumwambia. Nilikuwa nimeshika dawa zake kwenye mfuko wa gauni nililovaa. Alisikiliza mpaka mwisho bila kuinua sindano. Hakuanguka. Hakulia. Aliniuliza kitu kimoja tu.

"Ananyonya?"

Nikasema, "Ananyonya, Mama. Kidogo, anasahau, akiguswa shavu anakumbuka."

Akakata uzi kwa meno, akainuka, akaanza kutafuta viatu vyake vya safari chini ya kitanda. Nikamwambia asubiri kwanza nipime presha, kupanda basi si mchezo kwa umri wake. Akaniambia kutoka huko chini, "Utapima njiani."

Tutafika Alhamisi. Msije stendi, kaeni na mtoto.

Shangazi